Sikio la Oveni

"Mimi sirudii kazi," alisema Mara Moja, huku amekaa juu ya friji bovu kama mfalme aliyenyang'anywa kiti akapewa kabati. "Uliza mtaa mzima. Oveni nikishaigusa, tukikutana tena ni kwa salamu tu. Unadhani jina la Mara Moja nilipewa kwenye kadi ya chanjo?"

Aliyekuwa akisikiliza maneno hayo ni mwalimu mstaafu, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Mwalimu alikuwa amekumbatia maikrowevu yake, ile ile aliyoileta wiki iliyopita ikatengenezwa mara moja. Kwa adabu zake hakutaka kulitaja hilo mbele ya watu.

"Sasa hii imekuwa kama mgeni rasmi," mwalimu alieleza. "Inawaka taa, inazunguka, inapigiwa kengele, inaondoka. Chai iko baridi vile vile."

Mara Moja aliruka chini, akaifungua. Tumpe haki yake: kazi alikuwa anaijua. Kabla ya kuingiza kidole aliua kwanza ule umeme unaojificha ndani ya kapasita hata plagi ikiwa imechomolewa, kisha akafuata nyaya moja moja mpaka kwenye swichi ndogo ya mlangoni. Ilikuwa imeungua, nyeusi kama punje ya kahawa. Akaing'oa, akaweka nyingine, na ile mbovu akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati, maana fundi hatupi kitu, hutupa siku anayohamia nyumba nyingine.

Simu yake ikalia ikiwa juu ya meza. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya maikrowevu.

"Mwalimu, nibonyezee hapo kijani."

Mwalimu akabonyeza kijani, na bahati mbaya akabonyeza na spika.

"Imeungua tena!" Sauti ya mkewe ilijaa kibanda, ikatoka nje, ikasimamisha wapita njia wawili. "Juu mkaa, katikati uji! Njoo uitazame hii oveni yako uliyoitengeneza, baba, njoo sasa hivi kabla sijaitupa dirishani na wewe ukifuata!"

Simu ikakatika. Mwalimu alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Nenda ukaisalimie."

*

Moshi ulimpokea Mara Moja mlangoni kabla ya mkewe. Jikoni, madirisha yote yalikuwa wazi na taulo limening'inizwa kwenye mlango wa kabati kama bendera ya kuomba amani, ila mwenye taulo hakuwa na amani yoyote. Keki ilikuwa imepinduliwa juu ya sinia. Mkewe aliigonga kwa kijiko: ko, ko, ko.

"Hodi," alisema. "Unasikia? Hata mlango wa mbele hauitiki hivi."

"Pole, mama."

"Pole kampe unga. Umebaki wa keki moja."

Hapo ndipo Mara Moja alipoona kwamba leo si siku ya mizaha. Dada yake mkubwa, anayekaa mapokezi pale hospitali, alikuwa amesikia kwamba kantini ya hospitali inatafuta mtu wa kuwaokea keki kila asubuhi. Bila kuulizwa akalitaja jina la mke wa mdogo wake. Mkuu wa kantini akasema haya, alete moja tuonje. Dereva wa kantini angepita jioni ile ile kuichukua.

"Wifi ameniwekea heshima yake mbele za watu," mkewe alisema, na safari hii hakupaza sauti, jambo lililomtisha Mara Moja zaidi. "Amewaambia, 'Wifi yangu akioka mtalamba karatasi.' Nimpelekee hili tofali? Nakwambia kabisa, hii iliyobaki ikiungua, mimi na keki basi. Makopo yote nampa jirani apandie vitunguu."

"Hutaacha keki. Nipe nafasi, ni mara moja tu."

"Mara moja hiyo ina mwezi mzima sasa."

Na kweli ilikuwa na mwezi. Oveni ile waliletewa na huyo huyo dada siku ya harusi yao, jiko la kusimama, zito, lenye mlango wa kioo. Iliwatumikia vizuri mpaka ilipokufa ghafla mwezi uliopita, haiwaki wala haingurumi. Mara Moja akasema themostati imekwenda, yaani kile kifaa kinachopima joto ili moto ukitosha uzimwe na ukipungua uwashwe. Akaleta nyingine, akaifunga jioni moja, oveni ikawaka, akapigiwa makofi. Tangu jioni hiyo hakuna keki iliyotoka mle ikiwa na rangi ya keki.

Na nani alilaumiwa? Basi hapo ndipo penye doa. Mara Moja alilaumu unga. Halafu akalaumu makopo. Halafu akamlaumu mwenye makopo. Siku waliyokwenda kula kwa dada, alisimama katikati ya ukumbi na sahani mkononi akatangaza, "Mke wangu ana mkono wa moto, jamani, hata maji akiyachemsha yanaungua." Watu wakacheka, mkewe akacheka pamoja nao. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakumsemesha.

"Haya," Mara Moja alisema sasa, akipiga magoti mbele ya oveni na kufungua mkoba wa zana. "Uliiweka kwenye ngapi?"

"Mia na themanini."

"Mlango ulifungua?"

"Sikufungua."

"Hata kuchungulia?"

"Nimechungulia kwenye kioo. Kioo kimewekwa cha nini, nijipakie wanja? Halafu nimekwambia, na nakwambia tena: hiki kitaa chekundu hakizimi. Zamani kilikuwa kinazima, kinakaa, kinawaka tena. Sasa kikiwaka kimewaka."

Mara Moja alikitazama kitaa. Fundi yeyote anajua kwamba kitaa hicho hakizimiki mpaka themostati iseme joto limetosha. Na yeye alijua. Lakini kuna ujuzi ambao mtu anao kichwani na hautaki kushuka mikononi, hasa pale unapomnyooshea kidole mwenye mikono.

"Themostati ni mpya," alisema. "Nimeifunga mimi mwenyewe. Hiyo itoe akilini."

"Mimi sijataja themostati. Nimetaja kitaa."

"Basi na kitaa kitoe akilini."

Akaanza na mpira wa mlango. Alisema umelegea, hewa inaingia, ndiyo maana. Akautoa, akauosha, akaurudisha. Wakaweka kipande cha mkate katikati ya oveni, wakasubiri wote wawili wamechuchumaa mbele ya kioo kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mkate ukageuka dhahabu, ukageuka kahawa, ukawa jinsi keki ilivyokuwa. Kitaa chekundu kilikuwa kinawatazama tu.

"Si mpira," mkewe alisema.

"Nimeona."

"Nilidhani hujaona. Maana mimi nikisema huwa huoni."

Akahamia kwenye swichi ya kuchagulia moto wa juu na wa chini. Alizima umeme ukutani, akafungua paneli ya mbele, skrubu moja ikaruka ikaingia kwenye chombo cha sukari, wakaitafuta kwa uma. Swichi akaipima kwa mita yake: nzima. Akaipima tena, labda mita inasinzia. Nzima. Akaibadilisha hivyo hivyo kwa nyingine aliyokuwa nayo mkobani, maana akishafungua kitu lazima abadilishe kitu. Mkate wa pili ukafa kifo cha wa kwanza.

"Koili," alisema, jasho likimdondoka kwenye kidevu. "Koili ya chini inapitiliza."

Aliigusa kabla haijapoa. Alichokisema hapo hakiandikiki, ila mkewe alimshikia mkono wake kwenye bomba la maji na kumwambia kwamba hata yeye angependa kuitukana, ila ana kazi. Koili, ilipopimwa, ilikuwa haina kosa. Wala umeme wa ukutani haukuwa mwingi kupita kiasi, ingawa Mara Moja alikuwa ameshaanza kuandaa maneno makali kwa watu wa umeme.

Wakati kichwa chake kikiwa ndani ya oveni, alisikia simu ya mkewe ikilia, akamsikia mkewe akitoka nayo kwenye korido na kuongea kwa sauti ya chini. Mkewe aliporudi aliisimamisha simu juu ya kaunta, akaiegemeza kwenye kopo la unga, mgongo wa simu ukiielekea oveni. Mara Moja aliuona mgongo ule akasonya moyoni. Alidhani ni yale masomo yake ya kuoka, yule mama wa mtandaoni mwenye aproni nyeupe ambaye keki zake haziungui hata akienda kuoga katikati.

"Na utepe wangu wa bluu sijui nani kauchukua," mkewe alikuwa akinung'unika, akifungua na kufunga droo. "Hata keki ikiiva, nitaifunga na nini, kamba ya viatu? Mwezi mzima nautafuta."

"Sasa utepe na oveni vinahusiana nini?"

"Sijasema vinahusiana. Nimesema sijui uko wapi."

Mara Moja alikwishachoka kusikia habari za utepe. Alisimama, akaishika oveni pande zote mbili ili aivute atazame nyuma. Jiko lenyewe lilikuwa zito na yeye alikuwa na hasira, na vitu hivyo viwili vikikutana hakuna kipimo. Oveni ilitoka yote kwa mpigo mmoja, ikasukuma meza, na trei ya mayai ikaenda chini kwa sauti moja laini.

Mara Moja akainua mguu mmoja kukwepa ute.

Mkewe hakupiga kelele. Alichukua pochi, akajitanda mtandio na kuvaa ndala.

"Naenda kununua mayai," alisema. "Nikirudi nikukute na jibu, siyo na kifaa."

Alifika mlangoni, akageuka.

"Wifi bado hewani, usizime!"

Na akaondoka.

Mara Moja alitazama juu ya friji, ambapo kiboksi cha intaneti kilikuwa kinakonyeza vitaa vyake vya kijani. Kiboksi kile kilitumia swichi kuu ile ile ya jikoni. Alitikisa kichwa. Nyumba inateketea, mwenzake anawaza mtandao!

"Wifi siigusi mimi!" alimjibu kwa sauti kupitia dirishani, na mkewe, aliyekuwa ameshafika getini, aliduwaa kidogo, akatikisa kichwa na kuendelea na safari.

Kwa hiyo swichi kuu hakuigusa. Alichomoa plagi ya oveni peke yake, akakaa sakafuni nyuma yake, mbali kidogo na mayai, akaanza kufungua bati la mgongoni. Hapa hapakuwa na mtu wa kumwonyesha ujuzi, akafanya kazi bila maneno. Bati likatoka.

Nyuma ya themostati hutoka kijimrija chembamba cha shaba, na mwishoni mwa kijimrija hicho kuna ncha nene kidogo ambayo Mara Moja huwaelezea wateja kuwa ndiyo sikio. Sikio hilo lazima liingie ndani kabisa, mahali keki ilipo, likae kwenye kishikizo chake juu karibu na koili, lisikilize joto. Likisikia joto limetosha, linaiambia themostati, themostati inakata moto, kitaa kinazima. Hivyo ndivyo anavyoeleza, na huwa anaeleza vizuri.

Sikio la oveni hii halikuwa ndani. Lilikuwa nje, huku nyuma, kwenye ubaridi kati ya bati na ukuta, limekunjwa vizuri na kufungwa kwenye nguzo ya bati. Kwa utepe wa bluu.

Mara Moja aliutazama utepe. Fundo lilikuwa lake; hakuna mtu mwingine mtaani anayefunga fundo la kuzungusha mara tatu na kuchomeka ncha kwa ndani.

Akakumbuka yote. Ile jioni kijimrija cha themostati mpya kilikuwa kifupi kuliko cha zamani, hakikufika kwenye kishikizo. Mpira ulikuwa unakaribia kuanza na wenzake walikuwa wanapiga honi nje. Akatafuta kitu cha kufungia, akavuta droo, akapata utepe. Na alisema maneno, hata sauti yake alikuwa anaisikia sasa. Alisema: "Aa, itasikia tu."

Mwezi mzima ile themostati maskini ilikuwa nje kwenye baridi, haisikii kitu, ikaamini keki iko barafuni, ikaomba moto, na moto, na moto.

"Yalaa," Mara Moja alisema kwa sauti, mikono kichwani. "Kumbe ni mimi. Kumbe mwezi mzima ni mimi."

Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Kopo la unga lilikaa kimya. Mgongo wa simu ulikaa kimya.

Kuitengeneza haikuwa kazi. Aliitoa balbu ya kumulikia ndani ya oveni, na kwenye tundu lake, lililokuwa karibu zaidi, akapitisha kijimrija. Kikafika. Akalibana sikio mahali pake kwa kipande cha bati alichokikunja kwa koleo, akaziba uwazi uliobaki kwa pamba ya kuzuia joto, akatikisa: haliendi popote. Kazi safi kabisa. Kazi ambayo, kama angeifanya ile jioni, ingemchelewesha mpira kwa muda wa kona mbili.

Kisha akabaki ameshika utepe.

Kuna njia mbili hapo, na hata mtoto angeziona. Ya kwanza ilikuwa fupi: mkewe akiingia na mayai, amwambie. Aliifikiria. Akamfikiria na dada atakavyosikia, na ukumbi ule wa wageni, na mwalimu akifuta miwani. Akaukunja utepe, akaudidimiza mpaka chini kabisa ya mfuko wa suruali, upande wa kulia.

Lakini mkewe alikuwa ametaka jibu, na jibu linataka mkosaji. Mara Moja akapapasa mfuko wa shati. Vidole vikakutana na kitu kidogo kigumu. Akakitoa: ile swichi ya maikrowevu ya mwalimu, imeungua vizuri sana, ina sura ya mhalifu kabisa.

Akaiweka kiganjani. Akasimama wima mbele ya kopo la unga, kwa kuwa hapakuwa na hadhira nyingine, akakohoa.

"Tazama, mke wangu," aliliambia kopo. "Hapana. Mke wangu, tazama. Hiki ndicho kilichokuwa kinatutesa. Si kosa lako wala langu, ni kosa la kiwandani." Akainamisha kichwa upande, kama daktari. "Fundi mwingine asingekiona hiki." Akajaribu tena kwa sauti ya huzuni zaidi, akapenda ya pili. Halafu akapiga deki mayai, akafunga bati la mgongoni, akarudisha oveni mahali pake, akachomeka plagi.

*

Mkewe alirudi na mayai ameyakumbatia kifuani, asimwamini mtu. "Umepata?"

"Changanya kwanza," Mara Moja alisema. "Maneno baadaye."

Alichanganya. Alimimina rojo kwenye kopo, akaligonga mezani kutoa mapovu, akaliingiza kwenye oveni kama mtu anayemweka mtoto kitandani, akafunga mlango. Kisha akageuza ndoo, akaikalia, macho kwenye kitaa.

Kitaa kikawaka chekundu. Kikakaa. Kikaendelea kukaa.

"Hakizimi," mkewe alinong'ona.

"Subiri."

"Nakwambia hakizimi, ni kama..."

Tik. Kitaa kikazimika.

Mkewe alishika mdomo. Baada ya kitambo, tik, kikawaka. Tena, tik, kikazimika. Kila kilipozimika mabega yake yalishuka kidogo, mpaka harufu ikaanza kutambaa jikoni, ile harufu ya zamani ambayo haikuwa imepita pale kwa mwezi mzima. Keki ilipotoka ilikuwa imeinuka katikati, rangi ya udongo mzuri, na alipoichoma kijiti kilitoka kikavu. Aliiweka mezani na kusimama mbele yake.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe."

"Nilishaanza kuamini, unajua. Usiku nalala nahesabu: labda mayai, labda nakoroga sana, labda kweli nina mkono wa moto kama ulivyosema kwa wifi." Akajifuta jicho kwa kiwiko, kwa kuwa viganja vilikuwa na unga. "Nikasema basi, niache. Kumbe si mimi."

Hapo palikuwa mahali pazuri sana pa kusema kweli. Mara Moja alipaona, akapapita. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati.

"Mke wangu, tazama," alisema kwa ile sauti ya huzuni. "Hiki ndicho kilichokuwa kinatutesa. Si kosa lako wala langu, ni kosa la kiwandani. Kimejificha ndani huko, kimeungua, kinapitisha moto usiku na mchana. Fundi mwingine asingekiona hiki."

Mkewe alikichukua, akakigeuza geuza kwenye mwanga.

"Kidogo hivi?"

"Kidogo hivyo hivyo."

"Na mimi nimekutukana tangu asubuhi." Akamshika mkono, ule ule wenye kidole kilichoungua. "Nisamehe, mume wangu. Hasira tu."

Ikamchoma kuliko koili. Akafungua mdomo ili aseme lolote, hata hajui lipi.

"Mdogo wangu," lilisema kopo la unga.

Mara Moja aliganda. Alilitazama kopo. Akaitazama simu. Polepole sana akatazama juu ya friji, kwenye kiboksi cha intaneti, na maneno ya mkewe mlangoni yakamrudia moja moja, safari hii yakiwa na maana yake.

Mkewe alikuwa ameshaigeuza simu. Kwenye kioo uso wa dada mtu ulikuwa umetulia, nyuma yake benchi la mapokezi na watu wamekaa.

"Ee, wifi! Bado upo? Mbona kimya hivyo?"

"Si uliniambia nisubiri nione keki ikitoka? Nilizima sauti, nilikuwa na watu hapa, lakini macho sikuyazima. Hongera, wifi yangu. Imetoka nzuri, mpaka mgonjwa mmoja hapa amesimama. Dereva yuko njiani." Kisha uso ukasogea karibu na kioo. "Mdogo wangu."

"Naam, dada."

"Hotuba nzuri. Ila mimi nilipenda ile ya kwanza, uliyonihutubia mimi peke yangu, wakati mkeo yuko dukani."

Mara Moja alicheka kicheko kimoja kifupi ambacho hakikupata mwenzake.

"Sasa, hicho kidude kimetoka mfuko wa shati kabla hujamalizia kufunga mgongo wa jiko. Nimekiona. Hebu mwonyeshe wifi yangu ulichotia mfuko wa suruali."

"Mfuko gani, dada?"

"Wa kulia. Mara moja."

Mkewe alikuwa ameuachia mkono wake. Mara Moja alizamisha vidole mfukoni, taratibu kama mtu anayetafuta chenji ambayo anajua hana, na utepe wa bluu ukatoka, kwanza ncha, kisha wote, ukiwa bado umejikunja mara tatu kwa umbo la lile fundo.

Mkewe aliunyanyua kwa vidole viwili. Akautazama, akamtazama, akaitazama oveni. Kisha akaunusa. Ulinuka keki zote za mwezi mzima.

Akaulaza mezani kando ya keki, akavuta ile ndoo, akaketi, akakunja mikono.

"Haya, baba," alisema. "Hebu nisomee tena ile hotuba. Wifi, usikate."